Nyumba ya Njia ya Gare

Mwene-Ditu, 12 Januari 1999

Mwanangu Talitha,

Salamu kutoka kwa mwalimu wako wa darasa la nne. Usishtuke kuona mwandiko huu. Bolingo, yule anayekagua tiketi kwenye treni, ndiye aliyeniambia kwamba sasa wewe ni rais wa comité ya wanafunzi pale institut, na kwamba masomo yakiisha unafanya kazi ya commissionnaire: unawatembeza watu mjini ukiwatafutia nyumba za kupanga. Nilicheka peke yangu. Nilimkumbuka msichana aliyekuwa akiwapanga wenzake kwenye madawati kabla mimi sijaingia darasani.

Basi nina kazi kwa ajili yako. Nyumba yetu ya njia ya gare, ile ya kuelekea stesheni ya treni, unaijua. Tulipopanda treni mwaka wa 1993, sisi watu wa Kasai tuliofukuzwa huko Kamina, ilikaliwa na watu ambao hawakuniomba. Walitoka vita vilipopita Kamina miaka miwili iliyopita, na tangu hapo imefungwa. Ufunguo uko kwa mchungaji, nimemwandikia akupe. Marehemu Ambroise aliijenga nyumba ile kwa likizo zake za kazi ya reli, likizo nane, tofali kwa tofali. Livret, kile kitabu cha kiwanja, kina jina lake, nami ninacho hapa.

Nitafutie mpangaji mmoja, mtu mzima mwenye kazi, asiye na msafara wa ndugu. Na usimwingize mtu yeyote bila kuniandikia kwanza na kupata jibu langu. Hilo ndilo sharti langu, sina lingine.

Mimi hapa sijambo. Ninaishi kwa shemeji yangu, nina chumba kizuri, wananiheshimu. Binti yangu Bibiche ameolewa. Kaka yake Papy anafanya biashara ya mahindi, hupita Kamina mara kwa mara, lakini nyumba ile hataki hata kuitazama.

Wako katika Bwana,
Marceline Mbombo


Kamina, 2 Februari 1999

Mama Mwalimu,

Mukanda yako, ile barua ya Januari, ilinikuta ku réunion ya comité, nikaisoma chini ya meza kama vile nilizoea kufanya mu darasa yako. Unisamehe Kiswahili yangu. Ile bora ulitufundisha ilibakia ku kiti ya masomo. Minyi naandika namna nasema.

Pasta alinipa funguo. Nyumba inasimama muzuri. Mabati iko na tundu mbili upande wa jikoni, mulango ya nyuma balitosha serrure, ile kufuli yake, lakini kuta ni nguvu, na muti ya avoka inazaa mpaka matawi inavunjika.

Sasa juu ya lokatere, ule mupangaji. Mama, muji imejaa. Tangu hii vita ingine ilianza mwaka jana, treni ya Bukama inashusha bantu kila juma. Na ku base ya jeshi kunaingia basoda ba kila fasi, bakubwa yabo banatafuta nyumba mu muji na banalipa miezi sita mbele. Mwenye nyumba akiona vile, anafukuza étudiant. Juzi balitupa njee vitabu na kitanda ya mwanafunzi moja wa Malemba, mvua inanyesha, juu wazazi bake bako upande wa vita na habawezi kumutumia kintu. Njo maana tuliandikia benye nyumba bote ba muji: basifukuze mutoto wa namna ile mpaka masomo ya mwaka iishe.

Papa Ferdinand, ule mukubwa yetu sisi ba commissionnaires, aliniita pembeni. «Talitha, asubui unapigania balokatere, mangaribi unatumikia benye nyumba. Mutu anaweka muguu moja mu pirogue hii na muguu moja mu ile, ataanguka mu maji.» Ku institut nako banasema vilevile: rais wetu anakula pande mbili. Minyi nilibajibu: nayua kila mulango ya hii muji na mwenyewe wake, na juu ya ile njo benye nyumba banakubali kunisikiliza. Balicheka. Lakini ni kweli.

Mutu mukubwa mumoja mwenye kazi sikumupata. Nimepata étudiants sita, batulivu, bote Bametodisti. Naomba uitike. Kama jibu yako haifike mbele ya mwisho wa mwezi, nitaona kama umeitika.

Mutoto wako,
Talitha Twite


Mwene-Ditu, 20 Machi 1999

Mwanangu Talitha,

Barua yako ya Februari nimeipata jana. Bolingo alikuwa mgonjwa, ikalala mfukoni mwake wiki sita. Kwa hiyo «umeitika» wako umeuandika wewe, si mimi. Hata hivyo, wanafunzi sita watulivu si msiba. Wakae.

Lakini barua yako haikuja peke yake. Nimepata na ya bwana Ferdinand uliyemtaja. Anasema kuna Major mmoja wa base anayetaka kununua nyumba, atalipa mara moja, na kwamba ni heri niuze sasa kwa sababu «nyumba inaharibika kwa wingi wa watu.» Wingi gani? Watu sita katika vyumba vitano?

Nakuambia kweli, nafikiri kuuza. Nataka kujijengea vyumba viwili hapa. Si kwa shida. Mtu akizeeka hupenda kuwa na mlango wake.

Mwonyeshe Major nyumba. Waambie wanafunzi watafute pengine baada ya mitihani. Na unijibu waziwazi, kama ulivyokuwa ukijibu darasani umesimama: nani yuko ndani ya nyumba yangu?

Marceline Mbombo


Kamina, siku ya Pasaka, 4 Aprili 1999

Mama Mwalimu,

Kristo amefufuka! Naandika mbio, Bolingo iko ananingojea ku gare na treni imepiga kengele.

Bale étudiants bako. Tundu za mabati balizifunga na lami. Kiwanja iko safi, balilima hata mboga. Muko bantu bazuri mule, usiogope. Maneno ya Papa Ferdinand usiisikie sana, juu Major akinunua, yeye atapata feza yake.

Na usiuze sasa, nakulomba. Mu vita nyumba inauzwa kama mutu anatupa. Ungojee kidogo.

Hapa mambo inakimbia. Alhamisi tulitembea, étudiants karibu mia mbili, mpaka kwa mukubwa wa territoire, ule wa serikali. Tulimupelekea karatasi: benye nyumba makumi ine balitia mukono kama habatafukuza mwanafunzi mpaka Julai. Makumi ine, Mama! Nilienda kwa kila mumoja na miguu, wengine mara tano. Lakini kesho yake wengine balikuya kuniomba funguo zabo. Banasema hawawezi kuachia nyumba zabo mu mukono ya mutu wa kelele. Halafu baliniita ku bureau fulani, wababa batatu banauliza: «Nani anakutuma?» Nikasema: hakuna. «Sasa unapata nini?» Nikasema: napata kuchoka. Habakucheka.

Siwezi kukaa fasi moja siku hizi. Hata nikikaa mu masomo, miguu inatembea chini ya meza.

Treni inaenda. Ningojee.

Talitha


Mwene-Ditu, 25 Aprili 1999

Talitha,

Nilikuuliza swali moja. Uliniandikia habari za lami na mboga.

Papy amepita Kamina. Kwa mara ya kwanza tangu tufukuzwe, nilimwomba akaitazame nyumba ya baba yake. Alikuta vitenge vimeanikwa kwenye ua mzima. Alikuta wanawake wanatwanga mihogo chini ya mti wetu, watoto wamejaa madirishani. Mama mmoja akamjia mlangoni akamuuliza: «Unatafuta nani, baba?» Mtoto wangu, kwenye mlango wa nyumba alimozaliwa, akaulizwa anatafuta nani. Akajibu amepotea njia.

Mara mbili sasa nyumba yangu imechukuliwa bila mtu kuniuliza. Mara ya kwanza kwa mawe. Mara ya pili kwa maombi na mikono mizuri. Niambie wewe mwenye akili: kwangu mimi tofauti iko wapi?

Na kwa kuwa mmoja wetu lazima aseme kweli, nitaanza mimi. Sina chumba kizuri. Ninalala kwenye stoo ya shemeji, kati ya magunia ya mahindi. Mkewe akipata wageni, ninaambiwa nikae jikoni. Ambroise alikufa mwezi wa pili baada ya kufika hapa, katika stoo hiyohiyo. Miaka sita naitwa «mgeni» na watu ambao ni damu ya mume wangu. Na Kamina, nilikofundisha miaka kumi na tisa, niliitwa mgeni vilevile. Hao uliowaweka mle ndani ni wakimbizi, sivyo? Papy alisikia wanasema Kiluba cha Malemba. Basi ujue kwamba umechukua nyumba ya mkimbizi ukawagawia wakimbizi, na hukuona lazima ya kumwarifu.

Nimemjibu Ferdinand. Nauza. Tarehe 31 Mei nyumba iwe tupu.

Marceline Mbombo


Kamina, 9 Mei 1999

Mama Mwalimu,

Uko na haki. Naanza na ile.

Ilikuwa mwisho wa Februari. Treni ya Bukama ilishusha bantu ba kule Malemba. Balitembea na miguu mpaka ku Lualaba, bakapanda pirogue, bakangojea Bukama siku kumi. Mvua ilikuwa inaanguka sana. Bamama na batoto balikaa chini ya paa ya magazini ku gare, ile fasi moja mulikaa na Papa Ambroise mukingojea treni ya kwenda Kasai. Minyi nilikuwa natoka kuonyesha mutu nyumba ingine, funguo yako iko mu saki yangu. Nilipita. Nilirudia, nikapita tena. Mara ya tatu mama mumoja, jina yake Suzanne, ananiita: «Weye mwana, mu huu muji kuko fasi ya kulalisha mutoto mugonjwa?» Nikasema: iko.

Siku ile balikuwa kumi na babili. Bengine balibafuata. Leo ni makumi tatu na mumoja. Bale étudiants sita balijipanga bote mu chumba kimoja na habakulalamika.

Niliandika kukuambia, mara tatu, na mara tatu nilipasula. Niliogopa utasema hapana. Nilijidanganya: kama sikuuliza, sikukatazwa. Mu makutano ya étudiants nasimama juu ya kiti nasema kama mwenye nyumba ni mutu na lokatere ni mutu, basikilizane. Kwako sikusikiliza kintu. Nilikuwa rais kwa kila mutu, na kwako nilikuwa mwizi.

Kuko kintu ingine. Nimeibeba miaka sita na siwezi kuimaliza bila kuisema. Ile siku bantu balikuya kwenu na mawe, minyi nilikuwamo. Nilikuwa na miaka kumi na munane. Vijana ba mutaa balipita banaimba, banasema bantu ba Kasai barudie kwabo, na kila mutu alitoka, na minyi nikatoka. Sikutupa jiwe. Lakini niliimba, Mama. Niliimba na sauti yote mbele ya dirisha ya mwalimu wangu. Wakati nilipita ku gare Februari na kuona bamama fasi mulikaa, miguu ilikataa kuendelea. Sasa nafahamu nilitaka kujisafisha, na sabuni nilikamata ni yako.

Tarehe 31 nyumba itakuwa tupu. Nitatafuta mulango mumoja mumoja. Usiwe na wasiwasi juu yangu, hapa kuko salama.

Talitha


Kamina, 15 Mei 1999

Mama mwenye nyumba,

Minyi ni Suzanne, wa kule Malemba. Siyui kuandika. Anaandika mwanafunzi moja anaitwa Mira, anakaa na siye mu nyumba yako. Nilimwambia: andika kama nasema, usitengeneze.

Talitha alisema tusikuandikie. Minyi naandika juu weye ni mama, na mama anapashwa kuyua.

Jumatano Major alikuya na basoda bane mu jeep. Balitia alama nyekundu ku ukuta. Anasema: nyumba hii ni yangu, mutoke leo. Talitha alisimama ku mulango. Anasema: «Mwenyewe alisema tarehe 31. Mbele ya ile, hapa ni kwa Mama Marceline. Uko na karatasi?» Anauliza tena: «Major, uko na karatasi?» Balimutia mu jeep. Siye bamama tulifuata na miguu tukilia, mpaka fasi basoda banazuia njia. Mangaribi balimuachilia. Mudomo yake ilivimba, kiatu moja hakuna. Anasema alianguka. Leo asubui pasta alimupandisha treni ya Lubumbashi, juu bale bababa batatu ba bureau balikuya kumuuliza tena ku institut. Hakufanya mitihani. Ku institut habakumungoja.

Siye tunafunga mizigo. Hatukukasirikii. Nilikuwa na nyumba kwetu, vyumba bitatu, na mwanaume wangu aliniachia shamba pembeni ya mayi. Siyui leo nani analala mule. Kama mutu ananiambia «tumeingia mule juu tulikuwa na shida», roho yangu itauma tu.

Talitha hakukulomba. Ile ni mubaya yake. Batoto habakukulomba. Minyi njo nakulomba sasa, hata kama nimechelewa: utuachie mpaka mahindi tulipanda mu kiwanja ikauke. Kama unasema hapana, ni hapana, na nitafagia mbele ya kutoka.

Wafwako, mama. Asanti ya miezi mitatu. Vidye, Mungu wetu, akulinde.

Suzanne


Lubumbashi, 21 Juni 1999

Mama Mwalimu,

Siyui kama mukanda hii itakukuta. Namupa mutu wa treni minyi simuyui.

Niko Lubumbashi kwa mama mudogo, kazi ilinileta. Si kweli. Nilijiambia sitakudanganya tena na tayari nadanganya. Nilikimbia. Nilipoteza mitihani, mwaka yote imekufa. Ku institut bamechagua rais mwingine, mutu mupole. Benye nyumba makumi ine, nasikia kumi bamefuta mukono yabo. Bengine bamesimama. Siyui ni nani na nani. Nawapitisha mu kichwa mutaa kwa mutaa, nyumba kwa nyumba, nasema: ule atashika, ule ataacha.

Tangu nifike hapa sikupata habari ya nyumba yako. Mutu moja wa Kamina aliniambia ku soko kama iliuzwa na bamama balitupwa njee. Mwingine anasema hapana, muko bantu bado, lakini bantu gani hayui. Nauliza kila mutu anashuka ku treni. Mama mudogo anasema nitapata wazimu.

Natembea tu. Asubui natoka, narudia jua ikizama. Napita mitaa ya Katuba naangalia nyumba za bantu: hii iko na vyumba vine, hii inavuja, hii mwenyewe iko mbali. Kazi haitoki mu macho. Jana nilisimama mbele ya nyumba moja imefungwa mpaka mulinzi ananifukuza.

Kama uliuza, sina neno. Ulikuwa na haki ya kuuza, na uko na haki ya kulala fasi yako. Nataka tu kuyua Suzanne na bengine baliendea wapi. Na mutoto wake, ule mugonjwa wa kifua.

Kama hautaki kuniandikia, umwambie Bolingo kwa kinywa tu.

Talitha


Kamina, 18 Julai 1999

Talitha,

Soma vizuri jina la mji hapo juu. Barua yako ilikwenda Mwene-Ditu, Papy akaileta hapa. Niko nyumbani kwangu.

Ya Suzanne ilinifikia tarehe 24 Mei pamoja na ile yako ya kukiri. Nilizisoma stooni, nimekaa juu ya gunia. Yako ilinikasirisha. Ya Suzanne niliirudia mara nyingi, kwa sababu katika miaka sita yule ndiye mtu wa kwanza kuniomba kitu changu kama kwamba ni changu. Nikamwambia Papy: kesho tunapanda treni. Alikataa. Nikamwambia nitapanda peke yangu. Akaja.

Tulifika tarehe 29. Mizigo ilikuwa imefungwa, imepangwa ukutani, ua umefagiwa. Nilipiga hodi kwenye mlango wangu mwenyewe. Sikujua namna nyingine ya kuingia. Suzanne akatoka, akaniangalia tangu kichwani hadi miguuni, akasema: «Karibu kwako, mama.» Nililia mbele ya watu, jambo ambalo sikufanya siku ile ya mawe.

Tarehe 31 Major alikuja na bwana Ferdinand na karatasi za kuuza. Nilikuwa nimekaa mlangoni kwenye kiti, livret juu ya magoti.

«Hawa ni nani?» Major akauliza.

«Wapangaji wangu.»

«Wanalipa?»

«Hilo ni kati yangu na wao.»

«Mama, uliandika kwamba unauza.»

«Niliandika. Sikutia mkono kwenye mkataba. Siuzi tena.»

Akageuka kwa Ferdinand: «Tengeneza hiyo karatasi.» Nilidhani yamekwisha, maana mtu huyo sikumtegemea hata kidogo. Ferdinand akavua kofia, akaikunjakunja, jasho linamtoka. Akasema: «Major, nimefanya kazi hii miaka ishirini. Mwenyewe akikataa, mimi siandiki. Nikiandika leo bila yeye, kesho hakuna mtu wa Kamina atakayenipa ufunguo.» Wakati huo watu walikuwa wameanza kukusanyika: mchungaji, wanafunzi wako, na baadhi ya wale wenye nyumba uliowatembelea mara tano. Walisimama tu njiani. Na mimi, mwanangu, nilipoona watu wamejaa njiani mbele ya dirisha langu, nilirudi siku ile ya mawe, mwili hausahau. Ilichukua muda kufahamu kwamba safari hii walikuwa wamempa Major uso, mimi mgongo.

Major aliondoka. Amepata nyumba nyingine upande wa pili wa mji. Anaweza kurudi, sikudanganyi. Kila jeep ikipita tunanyamaza wote.

Sasa hali ilivyo. Mimi, Suzanne na wenzake wanne, kwa niaba ya wote, tumeandikiana mkataba, mchungaji akawa shahidi. Watakaa mpaka njia ya kwao ifunguke, watatengeneza mabati, na hakuna mtu mpya ataingia bila mimi kukubali. Wamekwisha kuniletea watatu. Wawili nimekubali, mmoja nimekataa. Tunagombana juu ya jiko na juu ya maji. Mtoto wa kifua amepona, anapiga kelele kuliko wote. Mimi nalala chumba cha mbele pamoja na Mira na mabibi wawili wanaokoroma. Si pazuri. Ni pangu.

Sasa lile jambo lako. Nilikuwa nyuma ya pazia, Talitha, na nilikuona. Ulikuwa karibu na ua, umevaa sketi ya shule, mdomo wazi. Nimelijua jambo hilo tangu siku ile. Nilijua nilipokupa ufunguo. Nilitaka kuona mtu aliyeimba atafanya nini akiachiwa nyumba. Haikuwa haki, mwalimu hampi mtoto mtihani bila kumwambia ni mtihani. Kwa hilo nami nakuomba msamaha.

Lakini usidhani yamekwisha. Kanisani nakaa benchi moja na watu ambao majina yao wewe unayajua kuliko mimi. Tunasalimiana. Wengine wanashindwa kunitazama, wengine wanacheka kama kwamba nilikwenda matembezi. Sijasamehe wote, na wewe sijui kama nimekusamehe. Najua tu kwamba nikisikia mtu anasema vibaya juu yako, nakasirika, na nimekwisha kugombana na wawili.

Nimezungumza na mkubwa wa institut. Deuxième session, mitihani ya marudio, ni Septemba, atakupokea ukijiandikisha kabla ya tarehe 20 Agosti. Wale wababa watatu hawajauliza habari zako tangu Juni, lakini siwezi kukuahidi kitu. Ferdinand anasema ukirudi atakupa nusu ya mtaa wake uushughulikie, na kwamba bado anaamini utaanguka majini.

Vyumba vimejaa. Utalala kwenye korido, kichwa upande wa jikoni. Fikiri, halafu uamue mwenyewe; safari hii sitaki mtu aamue kwa niaba ya mtu.

Ukija, usiingie kama mwenye ufunguo. Piga hodi. Nitauliza ni nani, nawe utataja jina lako kwa sauti, wote waliomo wasikie.

Mwenye nyumba,
Marceline Mbombo